Marahaba ya Mtoni

Mwanangu Zuhura,

Barua huanza na salamu. Hii nimeianza bila salamu, na si kwamba nimesahau. Nimeiweka mwishoni, na ukifika huko utaona kwa nini.

Umekwenda Chemchem kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia mpaka ule. Mama yako yuko uani anafunga sufuria zako kwa kamba. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na jinsi ya kukaa na mwalimu mkuu amekwisha kukuambia, na yaliyobaki atakuambia kesho stesheni garimoshi likiwa limeanza kutembea. Hapo mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na nimelikalia tangu ulipokuwa darasa la tatu.

Baba yako mkubwa Hamisi, ambaye umemsikia kwa jina tu, na ambaye kila uliponiuliza nilikujibu kwamba yuko mbali, yuko Ibambala. Ndiko unakokwenda kufundisha. Na umekwisha kumwona. Ni yule mzee wa mtoni.

Watu wa Ibambala wanajua yeye ni mtoto wa nani. Wakisikia unaitwa Zuhura Saidi Mrisho, watajua wewe ni nani kabla hujaandika herufi ya kwanza ubaoni. Yeye mwenyewe atakujua kwa kukutazama. Sitaki umpe mkono bila kujua nilimfanyia nini, wala sitaki usikie kwa mtu mwingine jambo ambalo lilitoka mdomoni mwangu.

Uliposoma barua ya kupangiwa kituo na kukitaja kijiji, nilikuuliza mara mbili, ukadhani masikio yangu yameanza kuchoka. Asubuhi yake nilikwenda ofisi ya elimu kumwomba mtu ninayemfahamu akubadilishie. Ningependa kukuambia kwamba nilifika mlangoni nikaona aibu, nikageuka. Ukweli ni kwamba yule mtu alikuwa safarini Igunga. Nilikaa kwenye benchi la wageni mpaka karani akaniuliza mbele ya watu nasubiri nini. Nikarudi. Mama yako aliniona ninavyoingia, akajua nilikotoka. Nilimwomba akuambie yeye. Akasema, "Mimi sikuwa mtoni. Sema mwenyewe."

Basi nasema.

Safari ile unaikumbuka kwa namna yako. Nimekusikia ukiwasimulia wenzako zaidi ya mara moja, na kila mara unaanza na gari. Huna kosa, lilikuwa gari la kusimuliwa. Bwana Pauli, mhandisi mgeni aliyekuwa akichimba visima mkoani, alikuja nalo akiliendesha mwenyewe. Ndani lilikuwa na vitanda vinavyokunjwa vikawa viti, jiko la gesi, karo la kuoshea vyombo na pazia za maua madirishani. Tuliposimama karibu na soko watu waliliita nyumba iliyoota magurudumu. Mama mmoja muuza mihogo alichungulia ndani, akauliza choo kiko wapi. Alipoambiwa hakuna, akasema basi hiyo si nyumba, akarudi kwenye mihogo yake.

Bwana Pauli alitaka kutumia likizo yake kuvua samaki katika pori la kaskazini-magharibi, kule mito inakokutana na kutanda kabla ya kwenda ziwani. Wakubwa wa mkoa walimkubalia kwa sharti afuatane na afisa. Mimi nilitakiwa kwa sababu naijua njia ya zamani ya misafara na naweza kutafsiri, na gazeti nililoliandikia lilitaka makala ya rafiki wa taifa akipumzika nchini mwetu. Wewe ulikuja kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na ulilia siku nzima.

Afisa alikuwa Ndugu Kondo, Mzaramo, kwa hiyo mtani wangu. Unajua utani wetu na watu wa pwani ulikotoka: babu zetu walibeba mizigo kutoka huku mpaka baharini, wakapita kwao, wakalala kwao, wakaugua na kuzikwa kwao. Kondo hakunipa nafasi ya kupumua. Tulipopita Urambo akanigusa bega. "Mtani, njia hii babu zako waliijua kwa nyayo. Leo wewe umekaa kwenye godoro. Mzigo umembebesha nani?" Nikamjibu kwamba babu zangu walipofika pwani waliwakuta babu zake wamelala, ndiyo maana wakalazimika kubeba na mizigo ya wenyeji. Bwana Pauli akataka kujua tunacheka nini. Nilijaribu kumtafsiria, lakini utani haukuvuka. Wewe kule kitanda cha juu ulicheka kwa sababu sisi tulicheka.

Katikati ya kicheko hicho Kondo akaniuliza kama ukoo wangu wote umekwisha kuhamia kijijini.

Wewe ulikuwa mdogo, kwa hiyo nieleze. Ulikuwa wakati wa kuwaleta pamoja watu waliokaa mmojammoja porini, wapate shule, zahanati na maji. Nilikubaliana na jambo lile, na hata leo nadhani shule utakayofundisha isingekuwapo bila lile. Lakini wengine hawakutaka kuhama, na wengine walihama wakatoroka kurudi. Kuwatafuta hao ndiyo kazi iliyomleta Kondo. Uvuvi wa Bwana Pauli ulimpa gari tu.

Nikamwambia kwamba kaka yangu wa tumbo moja alikuwa wa kwanza kuung'oa mlango wa nyumba yake na kuubeba kichwani mpaka Ibambala. Nilikuwa nimeiandika habari hiyo, na picha ilitoka: mtu amebeba mlango, uso hauonekani. Ilikuwa kweli. Nisichomwambia Kondo ni kwamba kabla ya mvua za kwanza kaka alikuwa ameusimamisha mlango ule kwenye kiwanja alichopewa, bila ukuta wala paa, akaufunga kwa komeo, akarudi mtoni kwenye samaki na mizinga yake ya nyuki. Kijiji kizima kiliucheka ule mlango. Mimi nilisikia, na sikuandika.

Wakati huohuo jina langu lilikuwa limependekezwa kwa nafasi ya mhariri. Niliamini kwamba mtu ambaye kaka yake ametoroka kijiji hawezi kupewa dawati lile. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nimejaribu kukumbuka kama kuna mtu yeyote aliyewahi kunitisha, na sijampata. Nilijitisha mwenyewe.

Nikuambie Hamisi alikuwa nani kwangu, kwa sababu hilo nimekunyima pia. Yeye ni kifungua mimba, mimi ni kitinda mimba, shangazi yako yuko katikati. Baba alipofariki Hamisi aliacha shule ili mimi niendelee. Masika yalipojaza kijito kati ya kwetu na shule, alinibeba mabegani, shati langu ameliuma kwa meno lisilowe. Siku moja tulimpita jirani yetu, mzee aliyewahi kuwa mpagazi wa misafara, begani ana sugu kubwa kama ngumi ya mtoto. Nilimwogopa kwa ile sugu, nikapita bila kusema neno. Tulikuwa tumekwisha kufika mbali. Hamisi akasimama. "Rudi ukamwamkie." Nikasema shule inaanza. Akasema shule itakusubiri, yule mzee hatakusubiri. Nikarudi peke yangu, nikamwamkia, nikachelewa, nikachapwa. Jioni Hamisi alitazama alama za fimbo, akacheka, akanipa kipande cha sega la asali.

Huyo ndiye mtu aliyetoka kwenye matete siku ile.

Nilijua yuko mtoni. Mto ni mrefu, nikajipa moyo kwa urefu wake. Bwana Pauli akasimamisha gari mahali penye kivuli na mchanga mzuri, akakunjua viti, akatoa fimbo zake za kuvulia zenye magurudumu ya uzi. Kondo akakaa, akavua viatu. Ndipo tukaona moshi, na chini ya moshi vichanja vya kukaushia samaki, na kibanda cha nyasi. Kondo akavaa viatu tena.

Kaka alikuja kutoka kutega migono, kambale wamening'inia kwenye tete begani. Alikuwa amekonda, ndevu zimeingia mvi kuliko nilivyozijua. Aliniona, na uso wake ukafunguka. Midomo yake ilikwisha kushika herufi ya kwanza ya jina langu.

Nikainamia kamera yangu nikaanza kufuta lenzi.

Kondo hakuwa mjinga. "Mtani, mtu wako huyu?" aliuliza, na alikuwa bado anatabasamu. Mlango ulikuwa wazi, Zuhura. Utani una ruhusa ya kusema kila kitu. Ningeweza kusema, ndiyo, ni wangu, mchukue wewe umlishe, na Kondo angecheka, na baada ya kicheko tungezungumza kama watu wazima. Wajomba zangu wameponea kwenye mambo makubwa kuliko lile kwa njia hiyo hiyo. Badala yake nilimjibu kama karani. Nilisema, "Hapana. Wavuvi wa huku ni wengi."

Hamisi alisikia. Aliwashusha wale kambale mchangani bila haraka. Akapangusa mikono pajani, mmoja kisha mwingine. Akaja mpaka mbele yangu, akainama kidogo, mikono ameikutanisha kama nilivyokuwa nikimfanyia yeye maisha yangu yote.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Nami nikasema, "Marahaba."

Nimeandika habari za ajali, za njaa na za watu waliofukiwa na mgodi. Najua jinsi koo linavyokauka mtu anapotakiwa kusema jambo zito. Siku ile halikukauka. Neno lilitoka laini, kwa sauti ya kawaida, kama ninavyowaitikia watoto wa mtaani nikitoka kazini. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko neno lenyewe.

Utakuwa mwalimu. Watu wenye umri wa babu yako watakuamkia kwa sababu ya chaki iliyo mkononi mwako. Wengine watakuwa wanaiheshimu kazi, wengine watakuwa na woga, na wengine watakuwa wanakulinda na jambo usilolijua. Sina kanuni ya kukupa ya kuwatofautisha. Nakuambia tu kwamba kinywa kinazoea haraka.

Kondo akamuuliza jina. Nilitazama chini. Angesema Hamisi Mrisho, mambo yangeishia pale, maana Kondo alikuwa akiniita Mrisho tangu tulipotoka mjini. Hamisi akasema anaitwa Maganga. Upande wetu ukiita Maganga sokoni wanageuka watu kumi. Kondo akauliza, Maganga wa nani? Akajibu, wa Maganga. Kondo akacheka, akaandika. Kaka yangu alilivua jina la baba yetu pale mchangani ili mimi nibaki nimelivaa.

Kuanzia hapo ndipo kumbukumbu yako inapoanza, na ni nzuri, sitaki kuiharibu zaidi ya inavyolazimu. Ulikwenda kwake mwenyewe. Alikuonyesha namna ya kumshika kambale nyuma ya kichwa ili miiba isikuchome, na namna ya kumpasua kwa mgongo ili moshi umwingie. Akakuuliza unaitwa nani. Ukamwambia Zuhura. Kisu kikasimama. Halafu akasema, "Sawa, mama. Shika hapa, mama." Umewahi kuniambia ulifurahi sana kwamba mzee mzima alikuita mama. Ukadhani ni ucheshi wake. Zuhura lilikuwa jina la mama yetu. Alikuwa anamwita mama yake.

Unakumbuka pia samaki wa Bwana Pauli, yule mwenye meno kama ya mbwa. Alikuwa amerusha ndoana kutwa bila kupata kitu, mpaka Hamisi akamwonyesha kwa kidole mahali maji yanapojikunja nyuma ya gogo. Nilipiga picha. Bwana Pauli amemkumbatia samaki, wewe umeshika mkia, na pembeni kuna bega la mtu. Unayo ile picha kwenye sanduku lako. Wapiga picha husema kichwa kimekatika kwa bahati mbaya. Mimi nilisogeza kamera.

Asubuhi Kondo akamwambia abomoe vichanja na arudi kijijini siku hiyohiyo. Hakumpigia kelele, alikuwa mtu mstaarabu. Hamisi akabomoa mwenyewe. Akazifunga fito, akamwaga maji kwenye makaa, akawafungasha samaki kwenye mzigo mmoja mrefu. Bwana Pauli akaniuliza anafanya nini. Nikamtafsiria kwamba msimu umekwisha, na huyu bwana anarudi nyumbani. Bwana Pauli akampa mkono kumpongeza. Hamisi alinitazama ili aelewe anapongezwa kwa nini. Sikumtafsiria.

Alitangulia kwa miguu. Tulimkuta kwenye ile njia ya misafara, jua limepanda, mzigo kichwani, shati limegandamana mgongoni. Gari lile lilikuwa na nafasi ya kulaza watu, Zuhura. Kulikuwa na kitanda kizima kitupu, kimetandikwa. Bwana Pauli alipunguza mwendo, akaniuliza, tumchukue? Nadhani Kondo angekubali. Na mimi nikamwambia Bwana Pauli kwa Kiingereza kizuri kwamba hakuna haja, kwamba watu wa huku wanapenda kutembea, ni kizazi cha wapagazi, walikwenda kwa miguu mpaka baharini na kurudi.

Yale yale ambayo Kondo alinitania nayo, nikayageuza kuwa sababu ya kumwacha kaka yangu juani. Bwana Pauli alivutiwa. Akakanyaga mafuta.

Wewe ulipanda kitandani ukafungua pazia la dirisha la nyuma, ukampungia mkono. Uliendelea kumpungia hata alipokuwa hawezi tena kukuona. Ukaniambia, "Baba, hakunipungia." Nikakuambia ana mzigo. Hiyo ilikuwa kweli, na nimeishi na kweli za namna hiyo maisha yangu yote.

Kuhusu kweli za namna hiyo nikupe mfano mmoja, kisha niuache. Niliwahi kuandika habari za duka la kijiji: rafu zimejaa, sukari ipo, sabuni ipo, vitambaa vipo. Kila neno nililiona kwa macho yangu. Nisichoandika ni lori lililokuwa limeegeshwa nyuma ya duka, injini inaunguruma, likisubiri wageni waondoke lipakie vitu vile kwenda kijiji cha pili. Mhariri alinisifu kwa kuwa sahihi. Nilikuwa sahihi. Watu wamenisifu kwa hilo tangu ujana wangu, na nimewafundisha vijana: uliza jina, uliza umri, uliza anatoka wapi, usiandike usichokiona. Makala ya safari yetu ilitoka na Bwana Pauli ana jina, Kondo ana jina, hata samaki ana jina. Kaka yangu nilimwandika "mvuvi mmoja".

Ile nafasi ya mhariri aliipata mtu mwingine.

Miaka ilipita nikijiambia nitakwenda Ibambala. Mwanzoni nilingoja hasira yake ipoe, baadaye nikangoja aibu yangu ipoe, na zote mbili sikujua zimefikia wapi kwa sababu sikwenda kuona. Nilimtumia salamu kupitia watu, naye akazirudisha kupitia watu, neno kwa neno, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani kikiwa safi na kitupu. Shangazi yako anajua tumekosana, hajui kwa nini. Hamisi hakumwambia. Hakumwambia mtu yeyote. Hilo nina hakika nalo, kwa sababu angemwambia hata mmoja ningelisikia hapa mjini.

Ulipokuwa chuoni, mume wa shangazi yako alifariki. Hamisi alikuja kuzika. Nilimwona ng'ambo ya kaburi, amevaa kanzu ya kuazima iliyomfika chini kidogo ya magoti. Watu walipotawanyika nilimfuata. Nikakutanisha mikono, nikasema, "Shikamoo, kaka." Alinitazama vizuri, bila ukali. Akasema, "Habari za mjini?" Nikasema nzuri. Akasema, "Haya," akaenda kuungana na waliokuwa wakikunja mikeka.

Mtu wa kwetu akiamkiwa na mdogo wake haulizi habari za mjini. Anaitikia kwanza, hata kama ana kisu tumboni. Hamisi, aliyenirudisha njia nzima kwa ajili ya mzee wa sugu, anajua hilo kuliko mtu yeyote. Aliniambia kwamba salamu yangu haijafika. Nimelifikiria sana, na naona hakukosea. Nilimwamkia pembeni, watu wamekwisha kupita, kwa sauti ya kunong'ona. Ile ya mtoni yeye alinipa mbele ya watu.

Sasa nije kwenye kesho.

Nimekata tiketi ya pili. Kikapu changu kiko karibu na mlango, nyuma ya sanduku lako. Kina shati moja, kanzu, na kahawa ya kumpelekea. Nataka nishuke Ibambala pamoja nawe, nitembee mpaka kwake mchana watu wakiwapo, nimwamkie kwa jina lake kamili na la baba yetu, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani. Nikiulizwa mimi ni nani nitasema. Sijui kama ataitikia. Anaweza kuniuliza tena habari za mjini, mbele ya kijiji kizima, na hapo nitajibu kuwa ni nzuri na nitarudi na garimoshi la kurudi. Siendi kwa sababu nina uhakika.

Lakini kituo ni chako. Ni siku yako ya kwanza ya kazi, na unaweza kutaka kuingia kijijini kama mwalimu Zuhura peke yake, bila baba anayekuja nyuma na mzigo wa miaka kumi. Unaweza pia, baada ya kusoma haya, kutotaka kukaa benchi moja na mimi. Yote mawili ni haki yako, na sitaki unieleze ni lipi. Ukiona nisije, kiache kikapu pale kilipo. Nitakubebea sanduku mpaka stesheni, nitalipandisha, nitarudi nyumbani. Ukiona nije, kitoe nje pamoja na vitu vyako. Mama yako nimemwambia asiguse.

Jambo moja nakuomba hata kama kikapu kitabaki. Ukifika, usingoje akujue. Nenda wewe kwanza. Na akikuita mama, itika.

Nakumbuka sasa kwamba siku ile ulikuwa kwenye ngazi ya gari, miguu yako haigusi chini, unakula biskuti ya Bwana Pauli. Ulikuwa karibu nasi kuliko Kondo. Kwa hiyo uliisikia shikamoo ile, na uliisikia marahaba yangu. Ulikuwa mtoto, hukuona kitu, maana hukujua nani mkubwa. Leo unajua. Katika watu wote waliokuwa pale, ni wewe tu uliyebaki ninayeweza kumwangalia usoni.

Nimesikia mlango wa uani; umerudi, mama yako anakuuliza umekula nini. Nafunga.

Salamu niliyoiacha mwanzoni ni hii. Baba hamwamkii mtoto, na hujaniona nikifanya hivyo. Lakini unaitwa kwa jina la mwanamke aliyetuzaa mimi na Hamisi, na kwa jina hilo nakuamkia.

Shikamoo, mama.

Usiharakishe kuitikia.

Baba yako,
Saidi Mrisho